Dadu Iliyoachwa Wazi

Wapendwa, vijana fulani walikuwa na mchezo wao wa mezani kila Jumapili, wakishatoka ibadani na kula. Mmoja ndiye msimulizi, anaeleza nchi ya kubuni yenye milima na majitu. Wengine kila mtu ana mhusika wake ndani ya hadithi, anasema anachofanya, kisha dadu inarushwa kuamua kama amefaulu. Mhusika mmoja alikuwa mchawi. Mama zangu wa mbele, msinitazame hivyo, uchawi wenyewe ni wa mdomoni tu.

Sasa uchawi ule ulikuwa na hatari. Dadu ikileta moja, unalipuka moto, na dadu ya pili inachagua utamwangukia nani. Lakini msimulizi alikuwa mtu wa haki. Siku ya kwanza kabisa alisema mbele ya wote, "Hapa hakuna kuficha dadu. Atakayeangukiwa na mlipuko anakufa, harudi kwenye hadithi. Ila aliyeita uchawi anaruhusiwa kuubeba mwenyewe, akitaka. Mimi sitamkumbusha mtu." Wakakubali.

Kati yao alikuwepo binti aliyefiwa na mama. Mhusika wake, muuguzi wa msafara, alimpa jina la marehemu. Kila Jumapili alilisikia jina lile likiitwa tena. Mnanielewa?

Siku moja majitu yakawazingira. Mwenye mchawi akarusha dadu. Moja. Dadu ya pili ikamchagua yule muuguzi.

Ilisimama mbele ya msimulizi, wengine hawajaiona. Msimulizi angeweza kuifunika dadu kwa kiganja, akasema moto umepiga ukuta. Nani angemlaumu? Wewe usingefanya hivyo? Lakini aliiacha wazi.

"Pole, dada yangu," akasema. "Ndivyo ilivyoanguka."

Binti akainamisha kichwa. Ndipo mwenye mchawi akasema, "Ngojeni. Moto niliuita mimi. Uje kwangu." Akachukua karatasi ya mhusika wake, aliyemlea mwaka mzima, akaichana vipande viwili.

Walipoagana mlangoni, msimulizi akamwambia binti, "Nisamehe. Nusura niifiche ile dadu kwa ajili yako."

"Nashukuru hukuificha," binti akajibu. "Ungeificha, mama angepona vilevile, lakini nisingejua kwamba nina ndugu."

Je, sisi tukipiga magoti tunaomba nini? Tunaomba baya lifunikwe lisitufike, na likitufika tunanung'unika. Mimi leo nashukuru, tena nashukuru sana, kwa siku zangu mbaya zilizoanguka wazi mbele ya watu. Wewe uliyelazwa, nani alikuja na chupa ya uji? Ulipofiwa, nani alifua nguo za watoto wako bila kuambiwa? Mambo yangekunyookea, ungemjuaje? Hata Bwana wetu, tulijua anatupenda kiasi gani pale alipolibeba lililotuangukia sisi.

Basi tusiondoke na shukrani zetu mfukoni. Yule aliyesema "uje kwangu" kwa ajili yako, huenda yumo humu ndani. Geuka umtazame.