Kata ya Mama Tusekile

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuongea na sungura, maana bunduki zilikuwa zimekwisha kufika, palikuwa na kijiji milimani, kwenye migomba na ukungu. Wanaume wa kijiji hicho walikwenda vitani, wakarudi na bunduki mabegani. Mwanzoni waliziwindia nguruwe pori. Baadaye ndugu wawili waligombea ng'ombe, mmoja akazikwa. Wazee wakakaa, wakasema basi.

Wakajenga nyumba ya mawe, wakaziweka bunduki zote humo, ufunguo wakampa Mzee Kabuje. Sheria ilikuwa hivi. Anayetaka bunduki aende na mwanamume mwenzake. Huyo mwenzake asimame mlangoni, amtazame machoni, aseme, "Namjua. Moyo wake umetulia." Hapo apewe bunduki na risasi mbili, na jioni airudishe.

Sheria nzuri, na watu wakalala usingizi. Ila mnawajua watu. Miaka ilivyokwenda, yale maneno ya mlangoni yakawa kama kuitikia salamu. Mtu anapita na jembe lake, anaitwa, "Njoo unisemee," naye anasema "Namjua, moyo wake umetulia" huku anatazama mawingu. Kukataa kumsemea jirani ilikuwa ni kumtukana mbele ya watu. Wewe ungekataa? Usinijibu haraka.

Mzee Kabuje aliliona hilo, akasimama mkutanoni. Akasema, "Sheria imelegea, tuikaze. Anayemsemea mtu awe ni mtu wa nyumbani kwake, mkewe au mama yake. Hao ndio wanaojua kama analala." Watu wakaguna. Wakapiga kelele. Pendekezo likafa palepale, na Mzee Kabuje akarudi kwenye ufunguo wake.

Sasa alikuwepo mkulima mmoja, Mwambije. Alishindwa kesi ya mpaka wa shamba, na tangu siku hiyo akanyamaza. Hali, halali, hasemi na mtu. Mkewe, Lusubilo, alimsikia akiwataja watu kwa majina gizani, mmoja mmoja, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Siku ya soko, asubuhi, Mwambije akaenda nyumba ya mawe. Njiani akamkuta jirani yake Asajile, akamwambia, "Nguruwe wanamaliza mahindi yangu. Njoo unisemee." Asajile akaenda, akasema yale maneno. Mzee Kabuje akatoa bunduki na risasi mbili.

Mwambije hakwenda kwenye mahindi. Alikwenda sokoni.

Sitawasimulia yote. Walikuwa watu wanaouza ndizi na maharage. Wawili walianguka, watu wakadhani yamekwisha, maana wote waliijua sheria, risasi ni mbili. Wengine wakaanza kuinuka kutoka chini ya meza. Ndipo Mwambije akatia mkono mfukoni, akatoa nyingine. Wa tatu kuanguka alikuwa Tusekile, binti aliyekuwa ameinuka kumtafuta mdogo wake. Baada yake wakaanguka wengine watatu.

Mdogo wake Tusekile alikuwa amesimama katikati ya soko, peke yake, analia. Mwambije akamgeuzia mtutu. Bunduki ikalia, lakini aliyeanguka ni Mwambije mwenyewe. Aliyempiga alikuwa Gwakisa, mtu ambaye bunduki yake haikuwahi kuingia nyumba ya mawe. Miaka yote hiyo aliificha chini ya kitanda.

Wakazika watu sita, na wa saba wakamzika mbali.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Damu ikimwagwa na mtu wa hapohapo, mmoja lazima aondoke kijijini. Muuaji akiwa hai, ni yeye. Muuaji akiwa amekufa, aliyemfungulia njia ndiye huondoka. Mfiwa huchota maji kwa kata, akampa huyo mtu anywe. Akishakunywa, haulizwi neno. Anaondoka, na mlango wa nyumba yake unang'olewa. Safari hii kata alipewa mama yake Tusekile, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote waliozikwa.

Akachota, akasimama mbele ya kijiji kizima, ajue nani alimfungulia Mwambije njia.

Asajile akasema, "Mama, mimi sikuua. Nilisema maneno ambayo kila mwanamume hapa ameyasema. Mumeo mwenyewe ameyasema. Ukinipa kata, uwape wote."

"Lakini ulimtazama machoni?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Sikumtazama."

Mzee Kabuje akasema, "Mimi nilimtazama. Macho yalikuwa yamevimba kama ya mtu asiyelala. Lakini mtu aliyesemewa sheria hainiruhusu kumnyima. Niliomba tuikaze, mkanizomea. Niliishika sheria mliyonipa, mwanangu. Ningeivunja siku ile moja, leo Tusekile angekuwa anapika."

Lusubilo hakuinua uso. Akasema, "Mimi nilijua, na hakuna aliyeniuliza. Mlangoni pale hawaitwi wanawake."

"Ungeulizwa, ungesema?" mama akamwuliza.

Lusubilo akasema, "Sijui, dada. Ningerudi kulala naye nyumba ileile. Pengine ningesema. Pengine nami ningesema moyo wake umetulia."

Gwakisa akaja mbele, kifua wazi. "Mimi nilivunja sheria, nakubali. Lakini mama, mtoto uliyemshika mkono yuko hai kwa sababu niliivunja. Wote walioitii walikuwa chini ya meza, bunduki zao zimefungiwa. Muulizeni aliyekuwa sokoni kama alitamani nami niitii."

Watu wakaitikia kwa miguno. Wengi walikuwa tayari kumshukuru kwa magoti. Mzee Kabuje akamwuliza, "Mimi nilitoa risasi mbili. Zile nyingine alizitoa wapi?"

Gwakisa akatazama chini.

"Aliniomba," akasema. "Jirani kwa jirani. Aliniambia mbili hazitoshi, nguruwe ni wengi. Nikamjazia kiganja."

Mkono uliompa mama yule mtoto mmoja ndio uliomnyang'anya mwingine. Mama akainua kata kuelekea kwa Gwakisa, na yule mtoto, asiyejua maneno ya watu wazima, akaenda kumshika Gwakisa mguu. Kata ikasimama hewani.

Ndipo mama Tusekile akaanza kulia, na akasema jambo ambalo wengine walilikumbuka lakini hawakuthubutu kulitaja.

"Siku Mzee Kabuje alipoomba sheria ikazwe, wa kwanza kupinga nilikuwa mimi. Nilisimama nikasema, mnataka kutugombanisha na waume zetu, shauri la bunduki ni lenu, msituingize. Wanawake wote wakanipigia makofi. Nililala nikijisifu."

Akaishusha kata, akaitazama. Maji yalikuwa bado yamejaa. Mbele yake wamesimama Asajile aliyesema bila kutazama, Mzee Kabuje aliyetazama akatii, Lusubilo aliyejua asiulizwe, na Gwakisa aliyeua kwa kiganja akaokoa kwa kidole. Na wa tano ndiye aliyeshika kata, akiyaona macho yake ndani ya maji.

Mtoto yuko pale anamtazama mama yake. Jua linakwenda, na desturi haikubali kata irudi nyumbani ikiwa na maji.

Mimi ya kwangu nimeyamwaga yote, ninyi mnaonisikiliza mna milango na mna majirani. Je, nani alistahili kunywa?