Subilaga Wawili, Ada Moja

Hapo zamani, na nikisema zamani msidhani ni enzi za majini, ni juzi tu hapa, palikuwa na chuo cha uuguzi kule milimani, upande wa Rungwe, ambako mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Jina la chuo msiniulize. Nimekuja kusimulia, sikuja kutafuta kesi.

Palikuwa na mabinti wawili, mama zao ndugu wa tumbo moja. Mkubwa aliitwa Subilaga, mdogo aliitwa Tusekile. Mjomba wao alikuwa mmoja, Ambakisye, mtu wa ng'ombe. Subilaga alifaulu kidato cha nne, akapata nafasi chuoni. Tusekile hesabu ilimwangusha, akabaki kuchuma chai.

Mjomba akauza ng'ombe wake wa maziwa, akalipa ada. Ng'ombe aliyekuwa anawanywesha watu wa nyumba nzima, jamani! Watoto wake wakarudi kwenye chai ya rangi. Yeye hakulalamika. Alipita sokoni kifua mbele, anawaambia watu, "Mpwa wangu anakuwa nesi."

Siku ya kuondoka ilipofika, Subilaga akagoma.

"Mjomba, siendi. Mimi damu siiwezi."

"Damu gani?"

"Damu yoyote. Pasaka mlichinja kuku nikazimia. Leo nikamzalishe mtu?"

Mjomba alikaa chini palepale kwenye tope. Sasa hapa nataka kugombana na mtu. Angekwenda chuoni akauliza, angeambiwa: mwanafunzi akijitoa mapema, kabla ya tarehe inayowekwa kila mwaka, ada yake ya mwaka huo inarudishwa yote. Yote! Hakuuliza. Wangapi kati yenu mngeuliza? Sisi tunajua hela ikishaingia ofisini imekwenda, hairudi. Basi mjomba akanyanyuka, akajipangusa matope, akasema, "Jina limelipiwa. Lazima mtu akalale kwenye kile kitanda." Akamtazama Tusekile.

Tusekile akasema, "Mjomba, mimi si Subilaga."

Mjomba akasema, "Kuanzia leo ndiye."

Subilaga akasema, "Mdogo wangu, lichukue jina, mimi nakwenda mjini kujifunza kushona. Nakala za vyeti hizi hapa, ila vyeti vyenyewe nabaki navyo."

Watu watatu, uongo mmoja, na kila mmoja aliubeba kwa mkono wake. Msije mkanigeukia baadaye mkasema sikuwaambia.

Tusekile akaenda. Darasani wakiita Subilaga, anaitika Tusekile. Wodini wakiita Subilaga, anakimbia Tusekile. Mama akishajifungua salama akauliza, "Mkunga wangu unaitwa nani?" anaambiwa Subilaga, na mtoto anapewa jina hilohilo. Kuna vitoto kule milimani vimerithi jina la mtu aliyezimia kwa damu ya kuku! Na binti alikuwa hodari, msinikatize, alikuwa hodari kweli. Wagonjwa walimngojea yeye, wauguzi wengine wakipita, walijifanya wamelala.

Mwaka wa pili mjomba akauza mtamba. Mwaka wa tatu, wa mwisho, akauza aliyebaki, zizi likaota majani.

Huko mjini Subilaga alikuwa fundi cherehani. Akaolewa, mume akaenda machimboni, simu ikawa haipokelewi. Akabaki na mtoto mdogo, Gwakisa, na mtoto yule alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari akasema ni upasuaji, na upasuaji ni hela. Subilaga akauza cherehani, hazikutosha. Akakopa, hazikutosha.

Siku moja, akishonea cherehani ya kuazima, anampima mteja nguo, mteja anapiga soga: "Mwanangu kaacha chuo, lakini afadhali wamenirudishia ada."

"Inarudishwa?"

"Inarudi. Bora ujitoe kabla ya tarehe. Ukichelewa, imeliwa."

Subilaga akaweka futi chini. Akasema taratibu, "Na mimi nina ada chuoni."

Loo! Makubwa haya!

Akambeba Gwakisa mgongoni, akachukua vyeti vyake, akapanda hadi chuoni. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya kurudishiwa ada ya mwaka ule wa tatu. Dirishani alikaa mhasibu, Bi Perpetua, mama mpole asiyependa vurugu.

"Shikamoo mama. Nimekuja kujitoa chuo. Naitwa Subilaga."

Bi Perpetua akatazama vyeti: ni vyenyewe. Akatazama uso: siye. "Mungu wangu! Subilaga nimesalimiana naye asubuhi hii, yuko wodini. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye. Huyo mwingine muulizeni mwenyewe."

Akaitwa Tusekile, akaja na sare yake nyeupe. Alipomwona dada yake dirishani, na vyeti mezani, akashika ukuta. "Dada," akasema, "umenifanya nini?" Akaitwa Mwalimu Kibona, mkuu wa chuo. Akapigiwa simu mjomba, akaja na bodaboda, mabuti ya zizini bado miguuni ingawa zizi lilikuwa tupu. Njia ya mwongo ni fupi, na siku hiyo iliishia dirishani kwa Bi Perpetua.

Yakasemwa yote, mwanzo hadi mwisho. Mwalimu Kibona alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Miaka yote hii nimekuwa nikimpa maksi nani?"

Subilaga akasema, "Jina ni langu, ufaulu ni wangu. Chuo kilinichagua mimi. Nataka jina langu lirudi na ada yake, mwanangu anakufa."

Mjomba akasema, "Jina linakamuliwa? Ng'ombe walikuwa wangu. Kama kuna ada ya kurudi, irudi zizini. Wanangu wamekunywa chai ya rangi kwa ajili yenu, na leo mnagombea mbele yangu kama sipo!"

Tusekile akasema, "Mimi sikuomba jina la mtu, nilipewa. Lakini usingizi niliokosa ni wangu. Watoto niliowapokea, niliwapokea kwa mikono hii. Nikitoka leo natoka kama nani? Tusekile hajawahi kusoma hapa."

Mwalimu Kibona akasema, "Mwenye jina hakusoma. Aliyesoma hana jina. Aliyelipa hayumo kabisa. Sikilizeni. Ada ikibaki, jina linabaki, na huyu binti amalize. Mungu anisamehe, wodi zangu hazina wakunga. Ada ikitoka, jina linatoka, na yeye anavua sare leo."

Mjomba alipoona ada inaelekea kwa mtoto mgonjwa, na yeye atakosa hela na nesi pia, akamgeukia Subilaga. "Mtoto mwenyewe haumwi. Tazameni anavyocheza na kitambaa! Huyu kajifunza ujanja wa mjini."

"Mjomba! Mwanangu nimsingizie ugonjwa?"

Ukawa ugomvi, sauti juu. Mwalimu Kibona akapiga meza. "Basi! Tunaye muuguzi hapa. Binti, mpime."

Jamani. Jamani! Mnaona walivyomfanya? Akisema mtoto mzima, ada inabaki, sare inabaki, maisha yake yanabaki. Akisema mtoto mgonjwa, kajitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Na pale hapakuwa na daktari wa kumpinga.

Tusekile akampokea Gwakisa kutoka mgongoni kwa mama yake. Akatazama midomo, akatazama kucha. Akaweka kipimo kifuani, akasikiliza. Akasikiliza tena. Mtoto akamshika pua, akacheka. Machozi yakamtoka Tusekile, yakadondoka kwenye sare.

Mjomba akanong'ona, "Mpwa wangu, fikiri vizuri."

Tusekile akasema, "Anaumwa. Tena sana. Huyu si wa kungoja mwezi ujao."

"Umejichinja mwenyewe!" mjomba akapiga kelele.

"Mjomba, ulinileta nije kuwa nesi."

Subilaga hata yeye alishtuka. Alikuja amejiandaa kugombana, sasa mkono ameunyoosha dirishani, asijue auendeleze au aurudishe. "Mdogo wangu," akaita.

Bi Perpetua ameshaitoa ile ada kwenye sanduku. Ameishika. Anamtazama mkuu wa chuo, mkuu wa chuo anatazama dari. Dirisha linafungwa saa kumi, na ikifika saa kumi tarehe imepita: hela ni ya chuo, hairudi kwa yeyote. Mtoto anapumua kwa tabu mikononi mwa Tusekile. Mjomba amekaa sakafuni na mabuti yake. Bi Perpetua anauliza, "Jamani, saa inakwenda. Nimkabidhi nani?"

Mnanitazama mimi? Mimi sikuwa mhasibu. Haya, semeni ninyi: mwenye jina, mwenye ng'ombe, au mwenye sare, je, nani alistahili? Na wewe uliyekwisha kumchagua mmoja moyoni, simama hapo dirishani, uwatazame usoni wale wawili wengine: utawaambia nini?