Mtumbwi Uliokula Ugali

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliofiwa. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani, zamani hasa, kabla babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji kando ya ziwa. Jina lake silijui, na wewe usiniulize. Hapo aliishi Bibi Nyanzala, mzee ambaye watu wa kule wakikwama katika jambo mpaka leo husema, laiti angekuwepo. Alikuwa mfupi, mpole, na hakuwahi kumwambia mtu "si nilikwambia?"

Bibi huyo alikuwa na mtoto wa kaka yake, Lugendo. Mchapakazi, lakini bahili! Hata kunguni wa kitanda chake walihama wenyewe.

Lugendo alitaka mtumbwi wa familia, avue na wadogo zake wawili. Akaupata mkuukuu wa mbao kwa bwana mmoja wa ng'ambo, wakabadilishana kwa ng'ombe. Yule bwana akauleta, akaufunga, akapokea ng'ombe wake. Lugendo akataka kumrudisha kwao kwa mtumbwi. Bwana akakataa. Akalizunguka ziwa kwa miguu, siku nne, anavuta ng'ombe. Jamani! Mtu anakataa kupanda mtumbwi aliouuza leo hii, na Lugendo anasema ana adabu, hapendi kusumbua watu.

Wakaingia ziwani. Watu watatu, makasia matatu. Chubwi, chubwi, chubwi. Hawajafika mbali, maji yakaruka toka chini: fyuu! Mbao zimeachana.

Sasa sikilizeni, na wewe uliyelala mwamsheni. Dawa ya mtumbwi unaovuja inajulikana. Unauvuta nchi kavu, unaupindua, unasindilia pamba yenye mafuta kwenye nyufa. Lakini ule ulikuwa mzito, unataka wanaume kumi. Na desturi ya kijiji kile ilikuwa moja: ukivutiwa chombo nchi kavu, waliokivuta hawaondoki mpaka uwalishe washibe. Lugendo akawaza matumbo kumi na unga wake, akashikwa na kizunguzungu. Akachukua tonge la ugali wa muhogo, chakula chake cha mchana, akalibandika kwenye ufa. Pa! Maji yakakoma. Akawaambia wadogo zake kwamba hiyo ndiyo akili.

Kumbe chini kule samaki wameliona tonge. Wakaja, wakadonoa. Nyo, nyo, nyo. Wakaja na wenzao. Lugendo akatupa wavu, akavuta samaki wa kujaza tenga. Basi akaapa, pamba hataki hata kuiona.

Kesho yake, matonge mawili. Keshokutwa, matano. Na kila tonge likiliwa, ufa unapanuka. Mdogo mmoja akaacha kasia, akashika kibuyu cha kutolea maji. Halafu wa pili naye akaacha kasia. Huyu chwaa, yule chwaa, na Lugendo peke yake chubwi. Kasia moja, upande mmoja: mtumbwi ukawa unazunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Aliyekuwa anasonga ni mkewe, Milembe. Asubuhi chungu cha mtumbwi, jioni chungu cha watu, na unga ni ule ule. Watoto wakaanza kugombania ukoko. Milembe akaenda kwa Bibi Nyanzala, akalia. Akasema njaa anaiweza. Kinachomtetemesha ni kwamba wanaume wote watatu wa nyumba ile wanaelea juu ya maji, ndani ya chombo kilichozibwa kwa ugali.

"Umemwambia?" Bibi akauliza.

"Nimesema mpaka mdomo umechoka. Anasema samaki wanampenda."

Bibi akafikiri kidogo. "Kesho," akasema, "mtumbwi nitaupikia mimi."

Bibi akasonga. Akatwanga na dagaa wakavu, akachanganya humo humo, akatia samli. Harufu yake, hata mimi ningejigeuza samaki. Kisha akamwomba Lugendo jambo moja tu: leo wavue karibu, pale ng'ombe wanaponyweshwa, yeye akae ufukoni awatazame. Maji ya pale yanafika kifuani, na saa ile wachungaji wamejaa. Mtu aliyepikiwa bure angekataaje?

Wakabandika matonge. Wakatupa wavu. Samaki wakaja, lakini si nyo nyo tena. Gubu, gubu, gubu! Matonge yote yakaenda kwa mkupuo. Maji yakaingia huku, yakaingia kule, kibuyu kikaelea zake. Lugendo akakazana na kasia, chubwi, chubwi, mpaka akagundua kwamba amesimama ndani ya ziwa na mtumbwi uko chini ya nyayo zake.

"Nivutieni chombo!" akapiga kelele.

Wanaume wakaacha ng'ombe, wakaingia majini. Vuta! Eee! Vuta! Eee! Wakautoa, wakaupindua. Tumbo lote la mtumbwi limeganda mabaki ya ugali wa siku zote, kama kidevu cha mtoto anayejifunza kula. Watu walicheka. Mmoja alicheka hadi ng'ombe wake wakarudi nyumbani peke yao.

Bibi hakucheka. Alitandika mkeka wake mchangani, akakaa, akanyoosha miguu, akasubiri. Wale wanaume walipomwona, nao wakakaa. Desturi ni desturi. Lugendo akawahesabu: si kumi, ni kumi na sita. Machozi yakamlengalenga. Milembe akasonga kwa moyo mweupe, na watoto wakapakuliwa wa kwanza. Watu waliposhiba wakaleta pamba na mafuta, wakasindilia nyufa. Ko, ko, ko. Jua halijatua, kazi imekwisha.

Kesho yake mtumbwi ukanyooka. Makasia matatu, hakuna anayechota maji. Lakini samaki, hata mmoja hakuusogelea. Ikabidi waende mbali, wavue kama watu wengine, kwa jasho, warudi na tenga nusu. Lugendo akamwendea Bibi, amenuna.

"Shangazi, umeniharibia. Samaki walikuwa wananifuata kila niendako."

Bibi Nyanzala akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "ugali walikuwa wameshaupata. Walikuwa wanasubiri mboga."

Lugendo akaitazama mikono yake. Akaitazama miguu yake. Akaenda kununua pamba nyingine ya akiba.

Basi, wenye vyombo vikuukuu, mafunzo ni haya: chombo kipe kinachokifaa, na watu wa kukuvutia walishe mapema, ukiwa bado juu ya maji. Ngano yangu imefika nchi kavu, naiacha hapo.