Umeteleza au Umecheza?

Hapo zamani za kale, na msiniulize ni lini maana hata babu yangu hakuwepo, wanyama walikuwa na nyumba zenye milango. Walibisha hodi, waliazimana chumvi, na asiyewaamkia wakubwa alisemwa mtaa mzima.

Juu ya mlima mmoja mrefu, kule ambako hata miti inaogopa kuota, palikuwa na ziwa dogo. Msimu wa kipupwe ukifika, ziwa lile liliganda usiku, na asubuhi lilikuwa barafu tupu, nyeupe, laini kama sinia. Jua likishapanda, barafu inayeyuka na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Huko ndiko alikoishi Sange. Mnamjua sange? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu utadhani alimwomba tembo mkonga akakatiwa kipande. Wewe unayecheka huko nyuma, cheka polepole, maana huyu ndiye mwenye hadithi.

Sange alikuwa na hamu moja tu. Asubuhi moja ya kipupwe kilichopita alikwenda kuchota maji, akakanyaga barafu bila kujua. Vuu! Alipokuja kupata fahamu alikuwa ng'ambo ya pili ya ziwa, na kibuyu kimebaki huku. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, ardhi haikumshika miguu. Akarudi, akajaribu kugeuka, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena, akacheka peke yake mpaka jua likaiyeyusha barafu chini yake, akaenda nyumbani ameloa chapachapa. Siku ya pili akarudi na kukuta maji tu. Kipupwe kilikuwa kimekwisha.

Tangu hapo hakuwa mzima. Akila, anaiwaza barafu. Akilala, miguu inacheza chini ya blanketi. Mama yake alidhani ni mapenzi, akaanza kuulizia huyo kijana ni wa ukoo gani.

Na shida ya akina sange ni kwamba hawaishi sana. Mbogo huviona vipupwe mpaka akavichoka. Sange akijaliwa huviona vichache, kisha basi. Kwa hiyo mtu akimwambia "subiri mwakani," Sange alihisi kama anaambiwa asubiri maisha mengine.

Kiangazi kilipoingia hakukaa kulia. Alianza mazoezi. Ulizeni, atafanya mazoezi ya barafu wapi, na jua lile la kiangazi linapasua mawe? Alikwenda kwenye mwamba uliopo chini ya chemchemi, ambao umejaa utelezi mwaka mzima, akajipaka mafuta ya nyonyo kwenye nyayo, akaanza. Pu! Chini. Pu! Chini. Siku mama yake alipoisiriba sakafu kwa udongo mbichi, Sange aliizunguka yote kwa mguu mmoja kabla haijakauka, na sakafu ikabaki na michoro kama mkeka. Mama alimfukuza kwa mwiko mpaka kwa jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa Pimbi. Pimbi ana nyayo zenye jasho zinazonata kwenye jiwe kama ulimbo, ndiyo maana hupanda majabali bila woga. Kwa kuteleza hakuna mnyama asiyefaa kama yeye. Lakini alimwona mwenzake anavyoteseka na hamu, akashindwa kumwacha peke yake, akaja mwambani naye akapaka mafuta. Sange anapita vuu, Pimbi kasimama pale pale kama aliyepigiliwa misumari. Anajisukuma, haendi. Anasukumwa, haendi.

Siku moja Sange alikuwa anakuja kwa kasi, akayumba, akaudaka mkono wa Pimbi asianguke. Pimbi hakutikisika. Sange akazunguka, akazunguka, mwili umelala karibu na jiwe, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi akaliona jani la ng'ambo. Aliposimama, Pimbi alimnyooshea mkono upya.

"Tena," alisema Pimbi.

Wakauita mchezo ule Kigingi. Waliufanya kiangazi chote.

Siku matone ya kwanza ya masika yalipoanguka, walikaa juu ya mwamba wakatazama walikotoka. Pimbi alisema kwamba mwanzo wa kiangazi Sange alikuwa akianguka kila akigeuka, na sasa anaanguka akipenda. Sange alisema mguu wake wa kushoto bado ni mvivu, ila Pia anaweza kuizungusha mpaka dunia iwe mstari mmoja. Pia ndilo jina walilouita mzunguko wa mguu mmoja. Kisha Pimbi akamuuliza, baada ya yote hayo anataka nini hasa.

"Nataka barafu," alisema Sange. "Huku tunaigiza tu. Nataka nifanye Kigingi kwenye barafu yenyewe, mchana kweupe, mama akiwa anaangalia, ajue sakafu yake iliharibika kwa ajili gani."

Masika yakanyesha yakachoka. Upepo ukageuka, ukaanza kuuma masikio. Kipupwe!

Lakini asubuhi ile ile ziwa lilipoganda, baragumu lililia mlima mzima, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Aliyelipuliza alikuwa Fisi, bawabu wa Mzee Mbogo. Huyo Mbogo alikuwa amelishika ziwa kwa ubavu, hakuna aliyempa. Fisi akatangaza: ni marufuku kucheza juu ya barafu ya Mzee Mbogo, maana vijiguu vya watu wadogo vinamchafulia maji ya kunywa. Atakayeonekana akicheza atateremshwa mlimani, yeye na mama yake, akaishi huko tambarare ambako barafu haijawahi hata kusikika.

Watu walirudi ndani wakafunga milango. Pimbi alimwambia Sange waende wakapige magoti, wamwombe mzee awape hata pembe moja ya ziwa. Sange alikuwa anairudia ile mbiu mdomoni, neno kwa neno, kama anayetafuna jambo gumu.

"Amekataza kucheza," alisema mwishowe.

"Ndiyo. Sote tumesikia."

"Hakukataza kuteleza."

Kesho yake jua lilipochomoza, Fisi alipokuwa anajikuna kando ya ziwa, alimwona Sange katikati ya barafu anazunguka. Hakuwa amejificha wala hakuwa na haraka. Alikuwa anatabasamu kwa furaha ya kuikanyaga tena. Fisi alimngoja ukingoni, akamkamata shingoni, akapuliza baragumu, na kabla uji haujapoa wanyama wengi walikuwa wamekusanyika ukingoni, na Mzee Mbogo amesimama mbele yao. Mama yake Sange alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee," alisema Sange.

"Marahaba. Unashtakiwa kwa kucheza juu ya barafu yangu."

"Sikucheza, mzee. Niliteleza."

Fisi alikaribia kupasuka. Alisema alimwona kwa macho yake mawili, amezunguka kama pia, mikono juu, amefumba macho, tena anatabasamu.

"Kila mtu huteleza kwa namna yake," Sange akasema. "Mimi nikiteleza huzunguka. Na nikiogopa hutabasamu, ndivyo tulivyozaliwa."

Vicheko vikapita kwenye umati, chinichini. Mbogo akavisikia na havikumpendeza. Wakubwa wa namna hii hustahimili kuchukiwa, lakini kicheko kinawatoa jasho.

"Kuteleza ni uzembe," alinguruma. "Mwenye akili timamu anajua anapokanyaga. Mimi tangu mama yangu anizae sijateleza."

"Hata kwenye barafu, mzee?"

"Hata kwenye barafu!"

Sange akainamisha kichwa kwa adabu mpaka pua ikagusa chini. Alisema kwamba basi kosa ni la malezi, wao wadogo hawakufundishwa kukanyaga. Akaomba jambo moja kabla ya kuteremshwa mlimani. Mzee apite juu ya barafu mara moja tu, taratibu, mbele ya watu, ili vijana waone mkubwa anavyotembea bila kuteleza na waache ujinga.

Mbogo aliitazama barafu. Akawatazama watu. Watu nao walimtazama yeye, na hakuna aliyepepesa. Angekataa wangejua kwa nini. Akakohoa, akainua kifua, akaingia.

Kwa! Ukwato wa kwanza. Kwa! Wa pili. Barafu ililia krrr, lakini mwaka ule ilikuwa nene, ikamshika. Akatembea, akageuza kichwa kuwatazama watu, akaanza kutabasamu.

Hapo ndipo miguu minne ilipogombana. Kila mmoja ukaenda kwao! Mbogo alizunguka mara moja, akazunguka tena, mkia ukachora duara hewani, akakaa kitako, puuu! Na kwa kitako hicho hicho akaserereka ziwa zima mpaka karibu na ukingo, akakomea mbele ya Sange, macho yamemtoka.

Hata Fisi, ambaye kucheka ndiyo kazi yake, alikuwa ameuma midomo.

"Pole sana, mzee," Sange akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Naomba nikuulize kitu, maana hukumu yangu imekaa hapo. Umeteleza au umecheza?"

Haya, watoto, mtazameni Mbogo hapo alipokaa na ubaridi unampanda. Akisema ameteleza, basi mbele ya watu wote ni mwongo, na kama hata mkubwa huteleza, Sange hana kosa. Akisema amecheza, amevunja amri yake mwenyewe. Ningekuwa mimi ningesema nimeteleza, nipewe mkono nisimame, nikanywe chai. Lakini mimi si mbogo.

Mbogo aliona watu wanangoja. Akakusanya heshima yake iliyobaki.

"Nimecheza," alisema. "Hiyo ni ngoma ya kwetu. Nyinyi hamuijui."

Sange hakusubiri neno lifike chini. Mnajua desturi ya ngoma: haichezwi mpaka mwenyeji atangulie uwanjani. Akishaingia akacheza, ngoma imefunguliwa, na kumzuia mtu baada ya hapo ni aibu kwa nyumba nzima. Sange akawageukia watu akapaza sauti kadiri kifua chake kidogo kilivyoweza.

"Mwenyeji amefungua ngoma!"

Vigelegele! Milango ya huko juu ikafunguka, waliobaki ndani wakatoka mbio, watoto wakaporomoka ziwani kabla mama zao hawajawadaka. Fisi alimkimbilia bwana wake, akamnong'oneza, na ile amri je? Mbogo akamwambia anyamaze, au hakusikia kwamba mzee amecheza?

Pimbi aliingia polepole kwa nyayo zake za kunata, akafika katikati, akasimama imara. Akanyoosha mkono. Sange alirudi nyuma hadi ukingoni, akavuta pumzi, akaja. Vuuu! Akaudaka mkono, mwili ukalala, akazunguka chini, chini, mpaka sikio likaigusa barafu na ubaridi wake. Kitu alichokiwaza kiangazi chote, akakipata chote kwa pamoja, kikamliza huku anazunguka. Kwenye ukingo alimwona mama yake akipita kila akizunguka, mikono imetoka kichwani, imeshika mdomo.

Alipouachia mkono alikwenda peke yake, akapiga Pia mpaka dunia ikawa mstari mmoja.

Watu walicheza mpaka jua likapanda. Kingo zikaanza kudondosha maji, ti, ti, ti, na wazito wakatoka mmoja mmoja. Sange alibaki amesimama, anatweta.

"Basi umetosheka?" Pimbi alimuuliza.

"Hata kidogo. Kesho nataka niruke nigeuke mara mbili hewani. Mguu wa kushoto unaanza kusikia."

"Na mwakani?"

Sange aliitazama barafu ikipungua. Alimpenda Pimbi kwa kuuliza vile, kana kwamba mwakani ni kitu ambacho sange yeyote anaweza kukitia kikapuni. Hamu ilimshika upya, kali kuliko ile ya kiangazi, maana sasa alijua hasa anachokitamani.

"Mwakani tutaona," alisema. "Pale kivulini bado imebaki kidogo. Njoo usimame."

Pimbi akaenda akasimama, na Sange akarudi nyuma kuchukua mbio. Mimi niliwaacha hapo hapo, na funzo nililoondoka nalo ni moja: mkubwa anayeona haya kusema ameteleza, ndiye anayewafungulia wadogo uwanja.