Namba ya Mwangaza Kwenye Boksi

Wapendwa, alikuwapo fundi cherehani mmoja, mtu asiyemwamini hata mwenye mizani sokoni. Siku moja mama yake, aliyekuwa akiishi naye, akamwambia, "Mwanangu, televisheni yenu imefifia. Kwaya naisikia tu, nyuso sizioni."

Basi jamaa akashika daftari. Duka la kwanza akasoma boksi: mwangaza mia tatu. Duka la pili, chapa nyingine, mia tano, tena bei nafuu. Nafuu kwa nini? Hapa kuna mchezo! Akaenda mpaka kwa fundi wa televisheni, akachungulia ni chapa gani imejaa kwenye rafu ya mbovu. Miezi mitatu, wapendwa! Huku nyumbani mama anamimina chai nje ya kikombe, naye anafuta meza akisema, "Uzee huo, Mama."

Duka la mwisho akataka televisheni itolewe nje, iwashwe juani. Muuzaji, dada mmoja mpole, akaitoa, kisha akauliza, "Kaka, ile ya nyumbani wewe unaionaje?"

"Mimi naiona vizuri. Mama ndiye analalamika."

"Basi usinunue kwanza. Mpeleke mama akapimwe macho."

Mnadhani alishukuru? Thubutu! Moyoni akasema, "Muuzaji gani anafukuza mteja? Huyu mali yake mbovu, ameona nimemshtukia." Akavuka barabara, akanunua ile yenye namba kubwa kuliko zote.

Akaifunga ukutani, akaiwasha. Sebule nzima ikawaka.

"Haya, Mama, unaionaje?"

Mama akainua uso, akaugeuzia dirishani. "Umeshaiwasha, baba?"

Hospitalini daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. "Mngekuja miezi mitatu nyuma, tungeokoa kiasi." Yule bwana alilia pale pale kwenye benchi, mbele za watu.

Na sisi je? Si ndio sisi tunaogeuza maboksi na kusoma maandishi madogo, tukimshuku kila anayetuambia neno? Fundi yule alishuku chapa zote, akamshuku na dada aliyemwambia ukweli. Hakujishuku mwenyewe hata siku moja. Nani hapa amemtazama mama yake machoni wiki hii? Msiinue mikono, hata mimi naona aibu. Leo ukifika nyumbani, kabla hujawasha kitu chochote, vuta kiti, ukae mbele yake, umwulize, "Mama, unaniona?"