Bawa la Chini la Nondo

Kabla hujaua nondo, inua bawa. Mmeisikia leo pale msibani mkatazamana, mkadhani ni wazee tu wanajipa ukubwa. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko mlimani kuna nondo wawili, mtu na nduguye, wote rangi ya jani kavu la mgomba. Wakitua na kukunja mabawa, hata mzaliwa wa huko hawezi kuwatofautisha. Mmoja ana vumbi linalowasha. Likimwingia mtoto machoni, huweza kumpofusha. Wa pili hana neno. Bawa lake la chini lina madoa mawili mfano wa macho, na watu waliamini huja mara moja tu, kumletea mfiwa kwaheri ya marehemu.

Namkunda aliingojea kwaheri hiyo kwa roho yake yote. Mumewe, Mrindoko, alitoka alfajiri kwenda kuchimba mawe, mwamba ukamwangukia. Walikuwa wamelala wamenuniana, na maneno aliyomwambia jioni ile yalimla ndani kwa ndani.

Asubuhi ya arobaini, ukungu ukiwa umejaa hadi kizingitini, alimkuta nondo ukutani juu ya kitanda cha mwanawe. Mtoto alikuwa akimchekea na kumnyooshea mikono, kama alivyozoea kumnyooshea babake.

“Mama,” alimwita mama mkwe wake, Nakiete. “Kuna nondo juu ya mtoto.”

“Usimguse, mwanangu. Nakuja tumwinue bawa.”

Lakini nondo alianza kushuka, polepole, kuelekea uso wa mtoto. Namkunda aliogopa. Akavua kandambili, akampiga, nondo akaanguka sakafuni amekufa.

Nakiete aliingia, akapiga magoti, akainua bawa kwa ukucha. Macho mawili meusi yaliwatazama.

“Alikuja,” akasema. “Mwanangu alikuja.”

Namkunda aliiachia kandambili ikaanguka. Mtoto naye alikuwa ameacha kucheka. Alifuata kitu kwa macho, taratibu, kutoka ukutani hadi mlangoni, kisha akapunga mkono. Pale mlangoni ukungu ulifunguka kidogo, ukajifunga.

Namkunda alizeeka hajui mumewe alikuja kumsamehe au kumlaumu. Kila alipomwona mtu ameinua mkono kabla hajauliza, alimshika kiganja akamwambia: kabla hujaua nondo, inua bawa.