Kanga Juu ya Boneti

Bwana Mandari, mwenye yadi ya magari, alitaka kuuza gari la mbio aliloliongezea turbo mpaka injini ikaumia. Likiwa baridi liligonga kama nyundo. Likipata moto lilinyamaza. Kwa hiyo alilipasha moto kila mara kabla mteja hajafika.

Mwanasiti, fundi wa gereji ya mtaani, alifika amelowa mvua.

"Nataka kulisikia likiwa baridi. Umeliwasha leo?"

"Halijaguswa tangu Ijumaa," Mandari alijibu mbele ya wateja wote. "Kama nimeliwasha leo, lichukue bure."

Gari lilikuwa chini ya paa. Mwanasiti akaitandaza kanga yake iliyolowa juu ya boneti, akaomba kahawa, akanywa vikombe viwili huku akiisifu rangi ya gari. Kisha akaichukua kanga, akajitanda.

"Imekauka, bwana," akasema. "Lete funguo."